Munkoyo wa siku ya ngapi?

Ndugu wasikilizaji wa Hewa Bora, pamoja na ninyi mliokimbia vita vya Mitwaba, Pweto na kwingineko mkaja kuishi Lubumbashi, munkoyo unalisha nyumba nyingi. Mama mwenye sufuria, unga wa mahindi na mizizi anaweza kupata pesa ya bukari ya jioni. Mimi siombi biashara hiyo izuiwe. Naomba muuzaji aseme tu munkoyo wake ni wa siku ya ngapi.

Wengi wetu tunapima ukali kwa povu. Usipotoa povu, tunasema huu bado mtamu, mpe mtoto. Kipimo hicho kinadanganya.

Tuangalie kinachotokea ndani ya bidoni. Uji ukishapoa, mizizi inageuza wanga wa mahindi kuwa sukari. Ndiyo maana uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Kisha bakteria wanatengeneza ile asidi tunayoisikia ulimini, na chachu inakula sukari na kutoa vitu viwili, pombe na gesi ya kaboni. Gramu 180 za sukari ya glukosi zikichachuka zote zinatoa karibu gramu 92 za pombe na 88 za gesi. Gesi inapanda na kutoka. Pombe inabaki.

Divai inafanya vilevile. Divai tulivu haina povu kwa sababu gesi yake iliachwa iende, lakini nani atasema haileweshi? Kule Champagne, Ufaransa, wanaichachua mara ya pili ndani ya chupa iliyofungwa. Gramu 24 hivi za sukari kwa lita zinatosha kuleta mgandamizo wa bar 6, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari. Ndiyo maana chupa yao ni nene.

Basi ndoo iliyokaa wazi siku tatu inaweza kutulia kama maji na bado ikawa na pombe kuliko chupa ya jana inayotoa povu. Mtoto anapewa kikombe kizima kwa sababu "hauna gesi". Akilala darasani tunasema ni mvivu.

Najua siku peke yake haitoshi. Oktoba, joto likizidi, chachu inakimbia. Juni na Julai, kwenye baridi yetu, inakwenda polepole. Lakini siku ni habari ambayo muuzaji anayo na mnunuzi hana. Alama ya makala kwenye bidoni, mstari mmoja kwa kila siku tangu mizizi iingie, haigharimu hata franka moja. Mistari miwili au mitatu, ni ya watu wazima.

Na wanaojaza chupa za plastiki zilizotumika, msikaze kifuniko, wala msiziache juani.