Mwenye nyumba na mpangaji waandikiane

Agosti 2021, Serikali ya Tanzania ilipoanza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, mfumo wa umeme wa kulipia kabla, wapangaji waliokwenda kununua umeme walikuta Sh1,000 imekatwa. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, na Serikali ilieleza kuwa pande mbili zihesabiane, mpangaji arudishiwe chake kwenye pango. Lakini katika nyumba ambayo watu hawajaandikiana chochote, nani aanze kudai elfu moja? Wengi walinyamaza, kinyongo kikabaki.

Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanza hivyo, kwa fedha ndogo na jambo ambalo halikusemwa mapema. Nyumba ya vyumba sita ina mita moja. Chumba hiki kina friji, kile kina balbu tu, na uniti zimekatika usiku wa manane. Bili ya maji igawanywe kwa vyumba au kwa vichwa? Ndugu aliyekuja kutembea wiki moja amemaliza miezi mitatu. Shimo la choo limejaa, na hakuna anayejua ni nani wa kuita gari la kunyonya majitaka.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo ufanyike hata kwa mdomo, na ndivyo mambo yanavyokwenda Manzese, Tandika na Buguruni jijini Dar es Salaam. Dalali anaonyesha chumba, anachukua chake, ambacho ni kodi ya mwezi mmoja, anatokomea. Waliobaki wanapeana fedha na funguo, basi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae bila kubughudhiwa, na mpangaji alipe kwa wakati waliokubaliana. Ugumu unakuja pale kila mmoja anapokumbuka makubaliano yake.

Juu ya hayo kuna kodi ya mkupuo. Anayelipwa kwa mwezi, au anayekaanga mihogo na kupata riziki yake kwa siku, anatakiwa kutoa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima. Kwa chumba cha Sh60,000, ni Sh360,000 za mwenye nyumba na Sh60,000 za dalali: jumla Sh420,000 kabla hajanunua hata ndoo. Atakopa. Paa likivuja mwezi wa pili, hana cha kumbana nacho mwenye nyumba, kwa kuwa fedha ilishakwenda.

Mwenye nyumba naye ana hoja, na inastahili kusikilizwa. Wako wastaafu na wajane wanaoishi chumba cha mbele na kula kwa kupangisha vilivyobaki. Wapo waliokimbiwa usiku na mpangaji mwenye deni la miezi kadhaa, na kesi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya inataka muda na nauli. Fedha ya mkupuo ndiyo inayopaua banda la uani na kulipa ada ya mtoto.

Nairobi, wapangaji hulipa kila mwezi, kwa kawaida ifikapo tarehe 5, baada ya kuweka amana ya mwezi mmoja. Huko nako kuna malalamiko ya amana zisizorudishwa na milango inayopigwa kufuli. Hata hivyo, utaratibu huo unaonyesha kwamba hofu ya kukimbiwa inaweza kutulizwa bila kumkamua mtu nusu mwaka.

Tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, pango ni makubaliano ya watu wawili. Basi yaandikwe. Karatasi moja inatosha: kiasi, tarehe ya kulipa, mgawanyo wa umeme na maji, nani anatengeneza nini, notisi ya muda gani. Siku ya kuingia wakague chumba pamoja, wapige picha ufa na kitasa kibovu. Kodi ilipwe kwa simu ili ujumbe ubaki kuwa ushahidi. Ofisi za serikali za mitaa ziweke fomu ya mkataba kwa Kiswahili, bila malipo, na mjumbe ashuhudie.

Mpangaji atoe taarifa bomba linapoanza kuvuja, asingoje ukuta uloe. Akijua atachelewa kulipa, aseme kabla ya tarehe. Mwenye nyumba apige hodi, na asikate umeme kumshinikiza anayedaiwa.

Mwenye nyumba asiyeweza kupokea kodi kila mwezi aanze na miezi mitatu na amana ya mmoja, mpangaji alete wadhamini wawili wanaofahamika mtaani. Kwa chumba kile cha Sh60,000, mpangaji angempa mwenye nyumba Sh240,000 badala ya Sh360,000, na mwenye nyumba angekuwa na amana mkononi endapo atakimbiwa.