Tambi za Mboga Baina ya Magharibi na Isha



Juma hili tumepokea barua ya dada yetu aliyezaliwa Pwani na ambaye ndoa imempeleka Sori, mji wa wavuvi ulio kwenye Ghuba ya Karungu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Migori. Aeleza kuwa hushinda dukani mpaka jua lichwe, na afikapo nyumbani huwakuta watoto wamekwisha kujaza matumbo kwa mandazi na viazi vya kukaanga vya barabarani. Akaanza kuwapikia spageti kwa mboga, kwa kuwa huiva upesi. Watoto wakapenda. Lakini mavyaa wake, ambaye ni Mjaluo, akasema kuwa hicho si chakula cha usiku, maana hakina kuon, yaani sima. Naye mume akanyamaza. Dada auliza: aendelee, au arejee kusonga sima kila usiku, hata akiwa hajiwezi kwa uchovu?

Tuanze na mavyaa, kwani ndiye mwenye haki ya kwanza. Mtu aliyekula sima kwa samaki tangu utotoni, akalea wanawe kwa chakula hicho, hakosei anaposema kwamba pasipo sima hajala. Sisi wa Pwani tuna letu la namna hiyo. Kwetu tambi ni kitu cha sukari: hukaangwa kwa samli, zikapikwa kwa tui na iliki, zikawekwa katika sinia la futari au la asubuhi ya Idi. Mwambie bibi wa Mombasa kuwa tambi zimetiwa nyanya na majani ya kunde, uone atakavyokutazama. Kwa hiyo usishindane naye, dada. Songa sima ndogo ya mtu mmoja, umwekee pembeni pamoja na mboga zile zile ulizopikia tambi. Ni kazi ya dakika chache, na nyumba itabaki na amani.

Ila akisema kuwa hiki ni chakula cha Wazungu, hapo unaweza kumjibu kwa adabu. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 kwa Mfalme Roger wa Sicily, na ambaye ndani yake ameitaja Malindi yetu, ameeleza habari za mji wa Trabia katika kisiwa hicho. Hapo, asema, ilitengenezwa itriya, nayo ni tambi za unga wa ngano, kwa wingi mno hata ikapakiwa vyomboni na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Karne kadhaa baadaye ndugu zetu Wasomali waliipata kwa Wataliano waliowatawala, wakaiita baasto, wakaila kwa mchuzi wa nyama na ndizi mbivu kando, na leo hakuna anayewaambia kuwa si chakula chao.

Sasa tuje jikoni. Wengi hukosea kwa kuifanya spageti kuwa ndiyo chakula na mboga kuwa pambo: vipande vitatu vya karoti juu ya mlima wa unga. Mlo wa namna hiyo hauwafai watoto zaidi ya yale mandazi. Geuza kipimo. Kwa watu sita, pakiti moja ya gramu 500 yatosha, na mboga zikishakatwa zijaze sufuria ile ile. Dada wa Sori ana bahati ambayo sisi wa mijini hatuna, kwani upande ule wa Nyanza una mboga za majani za kila namna: mnavu, ambao wenyeji huuita osuga, mgagani, wauitao akeyo au dek, majani ya kunde, yaani boo, na mchicha, ododo.

Mboga hizi hazilingani, na hapa ndipo haraka inapoharibu. Mchicha na sukuma wiki huiva kwa dakika chache. Mgagani na mnavu ni chungu, nao wapishi wa Kijaluo huuchemsha kwa subira, wakautia maziwa, wakaulaza, wakaupasha tena mpaka uchungu ulainike. Usijaribu kuupika baada ya Magharibi; watoto watautema, nawe utailaumu spageti bure. Uchemshe siku ya mapumziko, utie maziwa, uuchemshe tena kila jioni ili usichache, kisha uchote kidogo kidogo kwa siku mbili. Na mwombe mavyaa akuonyeshe namna yake. Hakuna atakayekufundisha akeyo vizuri kuliko yeye, na mtu huwa mpole kwa chungu alichokitia mkono. Mlenda, ambao wao huuita apoth, uache uende na sima. Ukichanganywa na tambi utelezi wake huwa mateso, na sijaona mpishi aliyefaulu.

Tui la nazi halipatikani kirahisi huko, nawe usiliwazie. Badala yake zipo karanga, zao la siku nyingi katika nchi ya Migori na Homa Bay. Vijiko vitatu vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini huufanya mchuzi uwe mzito kama wa tui, na humshibisha mtoto mpaka asubuhi. Hili lafaa hasa kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa dagaa unapofungwa ziwani na mfuko wa nyumba nyingi za ufuoni ukawa mwepesi.

Nyumba nyingi zina jiko moja tu la makaa, na mapishi ya vitabuni hudhani kila mtu ana moto wa pande nne. Fanya hivi. Kabla ya adhana ya Magharibi mboga ziwe zimeoshwa na kukatwa, na maji ya chumvi yawe jikoni. Mkimaliza kuswali maji yatakuwa yanatokota. Vunja spageti katikati (Wataliano hucheka, waache wacheke, mtoto wa miaka minne hawezi kuizungusha kwa uma), itie, koroga isishikane, iache ichemke dakika tatu. Kisha funika kwa kifuniko kinachobana, epua, funga sufuria kwa kitambaa kizito, uiweke kando. Itaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe, na jiko sasa ni lako.

Bandika sufuria ya pili kwa vijiko vitatu vya mafuta. Kaanga vitunguu maji viwili mpaka vilainike, ufuatishe punje tatu za kitunguu saumu, kijiko kidogo cha bizari ya pilau, karoti mbili, pilipili hoho, na nyanya nne zilizoiva sana. Nyanya zikishavunjika tia karanga zilizokorogwa kwa maji ya moto, kisha majani, na funika dakika tano. Kagua spageti baada ya dakika kumi hivi. Ikiwa bado ina kiini kigumu, ingoje kidogo. Kabla ya kuichuja, teka kikombe kimoja cha maji yake, kwani yale maji yenye wanga ndiyo yatakayoufanya mchuzi ushikamane na tambi. Changanya vyote, kamulia ndimu. Anayetaka dagaa wa kukaanga anyunyizie juu ya sahani yake.

Tahadhari moja kuhusu vidonge vya supu ya kuku na jibini: soma karatasi, utafute alama ya halali. Vingine vina mafuta ya mnyama usiyemjua alivyochinjwa, na jibini nyingine hugandishwa kwa tumbo la ndama. Mboga hizi hazivihitaji.

Sori ipo magharibi sana ya Mombasa, na jua huchwa huko yapata dakika 20 baada ya kuchwa kwetu, ila nafasi baina ya Magharibi na Isha ni ile ile, saa moja na dakika chache, nayo yatosha. Hata mkichelewa, Mtume (s.a.w.) ameelekeza kwamba chakula cha usiku kikishaandaliwa na Swala ikakimiwa, mtu aanze kwa chakula, asiswali huku moyo uko sahanini.

Na yule mume aliyenyamaza? Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za ahli zake, na wakati wa Swala ukifika hutoka. Kuchambua fungu la mnavu ni kazi ya kukaa kitako, huku mtu akizungumza na mamake. Mpe ungo, dada, umpe na majani, wala usimweleze mengi.

Tambi zikibaki, usizichemshe tena, zitakuwa uji. Ziweke pahala pa baridi zimefunikwa, na asubuhi uzikaange kwa yai moja na kitunguu, watoto wale kabla ya kwenda shule.