Kiti cha Jaji Si Zawadi

Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu, hapa Voi, swali lililoonekana jepesi: mtu huwaje jaji? Kijana mmoja wa kidato cha pili alisimama akajibu pasipo kusita, "Mwalimu, ni kujuana na wakubwa." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kijana yule hakukusudia mzaha. Alisema alilolisikia nyumbani, garini na sokoni. Na neno likirudiwa na watu wengi kwa muda mrefu, huvaa vazi la kweli, hata wazee wenye busara wakalipisha njiani.

Msomaji, nia yangu ni kulivua neno hilo vazi lisilo lake. Nasema kwamba kiti cha jaji si zawadi ya mkubwa yeyote. Nasema tena kwamba anayekifanya kuwa zawadi humdhulumu mnyonge kabla ya kumdhulumu jaji.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Anayetaka kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya sharti awe na shahada ya sheria. Mawakili wetu, wakiisha kuipata shahada hiyo, huendelea na mafunzo ya uwakili, hufanya kazi chini ya wakili mkongwe kama mwanagenzi, kisha huapishwa. Lakini kuapishwa huko ni mwanzo tu wa safari. Kifungu cha 166 cha Katiba ya mwaka 2010 chadai uzoefu wa miaka 10 au zaidi, katika uhakimu, au uwakili, au ualimu wa sheria uliotukuka, au kazi nyingine ya sheria inayofaa. Juu ya hayo chadai tabia njema, uadilifu na kutopendelea. Nafasi zikitokea, Tume ya Huduma za Mahakama huzitangaza, waombaji huomba, majina ya waliochujwa huchapishwa ili mwananchi mwenye neno alilete, kisha wanaotajwa huhojiwa hadharani. Tume hiyo si mtu mmoja. Wamo majaji, hakimu, mawakili, Mwanasheria Mkuu, na wawakilishi wa wananchi wasio wanasheria. Wakiisha kuchagua, hupeleka majina kwa Rais, naye huwateua kulingana na mapendekezo yao.

Hapo ndipo penye fundo. Je, Rais huchagua, au hutimiza? Wewe mwanafunzi unalijua jibu, ingawa hujui kwamba walijua. Ukishinda mtihani wako wa mwisho, mkuu wa shule hukukabidhi cheti. Mkono unaotoa ni wake, lakini alama si zake. Hakukutungia mtihani, hakukusahihishia, wala hawezi kusema, "Huyu simpi, nimesikia maneno juu yake." Akisema hivyo, wazazi watajaa uani pake kabla ya jua kuchwa. Nao watakuwa na haki.

Basi sikiliza yaliyotokea katika nchi yetu. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza watu 41 wawe majaji: 11 wa Mahakama ya Rufani, 20 wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na 10 wa mahakama ya mambo ya kazi na ajira. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, hakuwateua. Ikasemwa kwamba zipo habari mbaya juu ya baadhi yao. Mwezi wa Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba Rais amefungwa na mapendekezo yale, na hana ruhusa ya kuyapitia upya. Hata hivyo siku zikapita, na mmoja wa wale 41 akafa akingoja. Tarehe 3 Juni 2021 wakateuliwa 34, na sita wakaachwa nje: Aggrey Muchelule, George Odunga, Joel Ngugi, Weldon Korir, Evans Makori na Judith Omange.

Wanne wa kwanza walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu. Muchelule alipanda kutoka uhakimu. Odunga alitoka katika uwakili. Ngugi alikuwa mwalimu wa sheria katika chuo kikuu huko Marekani. Njia tatu mbalimbali ziliwakutanisha mlango mmoja, na mlango ukafungwa. Majuma matatu kabla ya hapo, Ngugi na Odunga walikuwa miongoni mwa majaji watano waliobatilisha mpango wa kuibadili Katiba uliopendwa na Serikali. Sisemi kwamba hilo ndilo lililowaponza. Nasema kwamba mkubwa anapomnyima mtu haki yake bila kuonyesha sababu, huwafungulia watu wote mlango wa kushuku, wala hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Pengine utaniuliza, "Mwalimu, ugomvi wa wakubwa wa Nairobi watuhusu nini sisi wa Taita Taveta?" Watuhusu sana. Tazama hesabu ile tena: karibu nusu ya watu wale 41 walikuwa wamechaguliwa kusikiliza kesi za ardhi. Na sisi ni watu wa namna gani, ikiwa si watu wa kesi za ardhi? Mbuga za Tsavo, zilizoanzishwa mwaka 1948, zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti yetu. Yako na mashamba makubwa ya mkonge, na mashamba ya tangu enzi za walowezi kule Taveta. Kilichosalia ndicho tunachogawana na kugombania, kutoka milima ya Wundanyi hadi tambarare za Sagalla. Mzee asiye na hati, ambaye makaburi ya babu zake ndiyo ushahidi wake, hana mbunge mfukoni wala wakili wa bei kubwa. Tumaini lake ni jaji asiyemwogopa mtu. Kwa miaka mingi mtu wa huku aliyetaka kufika mbele ya jaji alisafiri hadi Mombasa. Leo Voi ina Mahakama Kuu yake. Lakini jengo la mahakama bila majaji wa kutosha ni kama kisima kisicho na kamba. Maji yapo, na mwenye kiu afa akiyatazama.

Wako wanaolitetea tendo lile, nao tuwasikilize, kwa kuwa si haki kumhukumu mtu asiyepewa nafasi ya kusema. Husema hivi: Rais amechaguliwa na mamilioni ya watu, bali Tume haikuchaguliwa na wapiga kura, mbona afanywe mhuri tu? Tena, akipata habari kwamba mtu fulani ni mla rushwa, afumbe macho?

Neno lao la pili lina uzito, nami nitalijibu kwanza. La, asifumbe macho. Mwenye habari azipeleke mbele ya Tume, wakati Tume inapowaalika wananchi wote kusema, ili anayeshtakiwa ajibu. Na kama habari zimechelewa kujulikana, Kifungu cha 168 kimeweka njia ya kumwondoa jaji mbaya: malalamiko hufikishwa kwa Tume, kisha baraza maalumu huyachunguza na kumsikiliza. Mlango wa kumtoa mwovu upo. Kinachokatazwa ni kumhukumu mtu kwa mnong'ono.

Sisi wa Taita tunalijua tunda la mnong'ono. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, watu wa Kasigau walituhumiwa kwamba wamewasaidia Wajerumani. Dola ya Kiingereza haikungoja kupima nani alifanya nini. Jamii nzima ilihamishwa ikapelekwa Malindi, mbali na mlima wao, na wengi hawakurudi tena. Silinganishi msiba ule na kunyimwa cheo. Mizani yake si moja. Lakini mzizi ni mmoja: tuhuma imekaa mahali pa ushahidi, na mwenye nguvu amekuwa mshtaki na mwamuzi kwa pamoja. Jaji amewekwa duniani ili kuuzuia mwenendo huo. Itakuwaje basi yeye mwenyewe aupokewe nao mlangoni?

Ama neno lao la kwanza, kwamba Rais amechaguliwa na wengi, ni kweli. Ndiyo sababu tumempa jeshi, hazina na serikali nzima. Lakini mara nyingi mahakama huwa kati ya mwananchi mmoja na Serikali hiyohiyo. Je, katika mchezo wa mpira utakubali mwamuzi achaguliwe na nahodha wa timu moja, kwa hoja kwamba timu yake ina mashabiki wengi? Tulikwisha kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1988 Katiba ya zamani ilibadilishwa, majaji wakaondolewa kinga ya kazi yao, ikawa Rais aweza kuwaachisha. Mwaka 1990 kinga hiyo ikarudishwa. Jaji anayejua kwamba mkate wake umo mkononi mwa mshtakiwa hawezi kula na kuhukumu kwa kinywa kimoja.

Mwezi wa Septemba 2022 Rais mpya, William Ruto, aliwateua wale sita mara baada ya kuapishwa kwake. Alifanya iliyo haki, na haki yastahili kutajwa. Lakini niliwasikia watu wakisema, "Ametupa majaji," nami nikatikisa kichwa. Anayelipa deni la baba yake hajatoa sadaka. Kama tukishukuru kwa deni kana kwamba ni zawadi, tumempa mlipaji ruhusa ya kutolipa siku nyingine. Kijana wangu wa kidato cha pili atakuwa amesema kweli, na kosa litakuwa letu.

Limebaki neno moja, nalo latuuma sisi kwa sisi. Wengi wetu twasema, "Laiti tungekuwa na jaji wetu, Mtaita au Mtaveta halisi, kesi zetu zingenyooka." Mwenye kusema hivyo hataki jaji, ataka wakili asiyelipwa. Jaji akikupendelea leo kwa kuwa mwazungumza lugha moja, kesho atampendelea ndugu yako dhidi yako kwa kuwa wamekua kijiji kimoja. Natamani sana watoto wa Taita Taveta wawe majaji, lakini natamani wawe majaji wa Turkana na Kisumu na Lamu, wenye kuogopwa na waovu wa kila kabila, pamoja na waovu wa kwao.

Basi wewe unayesoma ukurasa huu, ukiwa Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta au popote pengine, usikubali kufundishwa kwamba njia ya haki ni kujuana. Mtoto anayeamini hivyo huacha kitabu akatafuta mlango wa nyuma, na taifa la watoto wa namna hiyo haliwezi kupata jaji hata likimtafuta kwa taa mchana. Soma. Shinda. Subiri miaka yako 10. Na siku utakapoapishwa, na mtu akakunong'oneza kwamba kuna mkubwa aliyekupa kiti hicho, mjibu kwa adabu kwamba ulikabidhiwa tu. Mwenye kiti ni yule mzee asiye na hati, anayengoja nje ya chumba chako tangu alfajiri. Mwite aingie.