Akili Yapimwa, Ubaguzi Je?

Ndugu wanachama, twapenda kuwakumbusha jinsi akili ya Mwafrika ilivyopimwa katika nchi hizi, maana mambo hayo yalifika hata katika mishahara ya makarani.

Mwaka 1934 Daktari F. W. Vint wa Nairobi alitangaza habari za bongo 100 za Waafrika, akazihukumu kuwa ni duni. Zilikuwa za watu waliofia hospitalini, naye akazilinganisha na hesabu za vitabu vya Ulaya. Je, marehemu wale walikula nini utotoni? Sisi wa Ugogo, tuliosimuliwa na wazee njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, tungaliuliza hilo kwanza. R. A. C. Oliver, aliyetunga mtihani wa akili huko Kenya mwaka 1932, alikuwa mwangalifu zaidi.

Kisha mwaka 1948 ikaja taarifa ya tume ya Sir Maurice Holmes. Asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu, kwa hoja kwamba Mwafrika amepungukiwa na busara ya kuamua na moyo wa kubeba madaraka. Hapo hapakuwa na mizani yo yote, ila maoni ya wakubwa. Karani aliyenung'unika aliambiwa hakuonewa, bali hatoshi. Kanuni hiyo ilidumu mpaka tume ya Lidbury ya 1954.

Wataalamu wa siku hizi huwauliza watu kama waona wanabaguliwa, kisha huwapa mtihani. Aliyepata alama chache akilalamika sana, tuseme nini? Yamkini hakuelewa kazi. Yamkini pia kudharauliwa ndiko kulikompunguzia alama. Karatasi ya siku moja haiwezi kuamua. Yapasa kuwafuata watu wale wale miaka mingi, tangu kabla ya kuajiriwa.

Tena apimwe na mwajiri. Bertrand na Mullainathan, katika makala yao ya 2004, walieleza walivyopeleka maombi ya kazi karibu 5,000 huko Boston na Chicago, wakibadili majina. Yenye majina ya kizungu yaliitwa mara moja na nusu kuliko yenye majina ya Wamarekani weusi. Hapo mwombaji hakuulizwa anajionaje. Aliyepimwa ni mwenye kuchagua.

Basi mtafiti akifika Dodoma na karatasi za maswali, mpokeeni kwa heshima, lakini mwulizeni kama atapita na ofisini kwa mkubwa.