Bastola ya Askari Ipimwe Mbele ya Nani?

Kuna kitu cha chuma, chenye uzito wa kilo moja hivi, ambacho kila mwananchi amekiona kiunoni mwa askari bali hajapata kuulizwa neno juu yake. Kitu hicho ni bastola. Magazeti yetu huitaja kwa jina la Ceska kana kwamba ni jina la jirani, hasa inaponaswa mikononi mwa majambazi. Lakini ni nani kati yetu awezaye kueleza ilichaguliwa kwa kipimo gani, na mbele ya mashahidi gani?

Ndugu wasomaji, msistaajabu kuona ukurasa huu umegeukia silaha. Mlipa kodi ndiye mnunuzi, na mnunuzi ana haki ya kuigeuzageuza bidhaa kabla ya kutoa fedha. Basi na tuigeuzegeuze.

Bastola inayojulikana sana kwa jina hilo ni CZ 75, iliyobuniwa na František Koucký katika nchi iliyokuwa Chekoslovakia, na kuundwa katika mji wa Uherský Brod. Imeundwa kwa chuma, mtutu wake ni wa milimita 120, na magazini yake hubeba risasi 15 au 16 za milimita 9 kwa kutegemea toleo. Uzito huo, ambao askari wa doria huulalamikia jioni, una faida yake: hupunguza mtikiso mkononi, na risasi ya pili haipotei mbali na ya kwanza. Kitelezi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, hupita ndani ya reli za fremu badala ya kuikumbatia kwa nje. Wapiga shabaha huisifu kwa ulengaji wake, nami sina sababu ya kuwapinga.

Kasoro zake ziko kwingine. Katika toleo la awali, risasi ikiisha kuingia chemba na nyundo ikasimama, hakuna njia ya kuilaza nyundo ila kuvuta kifyatulio huku umeishikilia kwa kidole gumba. Mfikirie askari aliyekesha zamu ya usiku Limuru, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akilifanya jambo hilo kituoni huku wenzake wamesimama ubavuni. Waundaji wenyewe waliliona tatizo: toleo la 75 B liliongezewa kizuizi cha pini, na baadaye likaja toleo lenye kitenzo cha kuilaza nyundo bila kugusa kifyatulio. Kwa hiyo kusema tu kwamba tumenunua Ceska hakutoshi. Toleo lipi?

Kuna pia habari ya kifyatulio. Nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito. Mvuto wa pili ni mfupi na mwepesi. Askari asiyezoezwa vya kutosha huikosea shabaha risasi ya kwanza, na ya pili humtoka kabla hajaikusudia. Tena mvuto ule mrefu humtaabisha mwenye kiganja kidogo, na katika vikosi vyetu wamo akina mama wengi. Je, walipewa nafasi ya kuijaribu silaha kabla ya mkataba kutiwa saini?

Wamarekani walipotaka bastola ya jeshi, mwaka 1911 waliifyatua ile ya Colt risasi 6,000, nayo haikukwama hata mara moja. Mwaka 1985 walipoibadilisha kwa Beretta, mashindano yalizua malalamiko, na haikupita miaka mingi baadhi ya vitelezi vikapasuka na kuwajeruhi wanamaji usoni. Wakaguzi wa hesabu za serikali waliandika ripoti mwaka 1988, ikafika mbele ya bunge lao, na bastola ikafanyiwa marekebisho. Sisemi wale ni malaika. Mwaka 2017 waliichagua SIG Sauer, na mwaka huo huo toleo lake la kiraia likabainika kuwa laweza kufyatuka likianguka, hata kiwanda kikalazimika kulirekebisha. Ila kasoro hizo zilijulikana kwa sababu watu waliruhusiwa kuuliza.

Huku kwetu tutaambiwa kwamba hiyo ni siri ya usalama. Siri gani? Vipimo vya bastola hii vimo katika vitabu vya wauzaji dunia nzima, na jambazi anayeimiliki anavijua kuliko mbunge. Kifungu cha 227 cha Katiba ya mwaka 2010 chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa ushindani na wa uwazi. Kinachofichwa kwa kisingizio cha usalama, mara nyingi ni risiti.

Na tusiisahau risasi yenyewe. Risasi ya milimita 9 iliyovikwa shaba haisimami kwenye ukuta wa mabati. Katika mtaa kama Mathare au Kibera, inayomkosa mshukiwa hupenya chumba cha pili, pengine na cha tatu, alimolala mtoto asiyejua chochote. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 laagiza askari ajitambulishe na kutoa onyo kabla ya kufyatua, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kwaweza kuhatarisha maisha. Agizo jema. Lakini atalitekelezaje yule ambaye mwaka mzima hakupewa risasi za kutosha za mazoezi, wala hajui kifyatulio chake kinaachia wapi?

Twaiomba kamati ya bunge inayohusika na usalama iitishe mambo matatu: ripoti ya majaribio ya kila bastola inayonunuliwa, idadi ya risasi ambazo kila askari hufyatua uwanjani kwa mwaka, na daftari la bastola zilizofyatuka kwa bahati mbaya vituoni. Daftari hilo lisomwe kwanza.