Beberu Huyu Apewe Ulinzi

Kwa muda mrefu neno beberu limebeba lawama katika magazeti ya Afrika Mashariki. Beberu alikuwa mnyonyaji aliyetoka mbali kuja kuvuna asichopanda. Leo twaomba neno hilo limrudie mwenyewe, yaani dume la mbuzi, kwa kuwa tuna shauri juu yake. Shauri hili twalielekeza kwa ndugu zetu wanajeshi na askari polisi wanaofanya kazi Mbarara, Isingiro na kandokando ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Yamkini askari atauliza: mimi na mbuzi wapi na wapi? Kazi yangu ni mpaka, bunduki na sheria. Twamjibu kwamba usalama haupimwi kwa utulivu wa mpaka peke yake. Hupimwa pia kwa mama wa nyumbani anayelala usiku bila kuhofia kwamba alfajiri atakuta banda tupu.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani sana barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi walipokuwa wakikimbia Rwanda. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na Kiswahili, ambacho ni lugha ya kambi zenu, ndicho hicho hicho kinachowakutanisha watu hao sokoni na kisimani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea nchini. Lakini idadi ya watu imezidi kukua, na vipande vya ardhi vimezidi kuwa vidogo. Tena mwaka 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa chakula nchini Uganda kwa asilimia 30, na halikuishia hapo. Mwenye kipande kidogo cha ardhi hana nafasi ya ng'ombe, bali mbuzi wa maziwa aweza kumfuga.

Wasioijua kazi hiyo hudhani ni mchezo wa watoto. La hasha! Mbuzi wa maziwa hafungwi kamba mtini akaachwa. Hujengewa banda lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye sakafu ya mbao zilizoachiwa nafasi ili samadi ianguke chini na kwato zibaki kavu. Asubuhi banda hufagiwa, kiwele huoshwa, maziwa hukamuliwa. Kisha hukatwa matete, na majani ya kaliandra na lusina yaliyopandwa mpakani mwa shamba, na kuchanganywa na maganda ya matoke, ambayo katika nchi ya Ankole hayakosekani. Majani mabichi yenye umande hunyaushwa kwanza, yasije yakamvimbisha tumbo. Mfugaji hufunua kope za mnyama. Akiona utando wa ndani umekuwa mweupe, hujua minyoo inamnyonya damu. Mwanambuzi anapozaliwa hupewa dang'a mapema, kwani hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza. Na beberu hutengewa banda lake mbali kidogo, kwa sababu harufu yake huingia katika maziwa.

Hata hivyo, kazi yote hiyo huwa bure ikiwa mbegu ni duni. Mbuzi wetu wa kienyeji ni hodari wa kuvumilia jua na maradhi, lakini maziwa yake humtosha mtoto wake tu. Akipandishwa kwa beberu wa aina ya Toggenburg, Saanen au Alpine, binti yake akalishwa vema, aweza kutoa lita moja, mbili au zaidi kwa siku. Hapo ndipo mtoto wa binadamu naye hupata kikombe chake.

Sasa twamwomba askari atumie hesabu aliyofundishwa depo. Mimba ya mbuzi ni siku 150, yaani miezi mitano. Binti aliyezaliwa huachwa akue hadi afikishe mwaka mmoja hivi ndipo apandwe, kisha hungojewa miezi mitano mingine. Kutoka siku ile jike wa kienyeji alipopandwa hadi binti yake kukamuliwa, imepita miezi 22. Mfugaji akitaka mjukuu mwenye robo tatu za damu ya maziwa, na mjukuu huyo naye akamuliwe, atakuwa amengoja miezi 39. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu ya kukata majani kila siku, masika na kiangazi. Mwizi huifuta kwa usiku mmoja, na nyama yake huliwa jioni moja.

Kumwiba beberu ni hasara kubwa zaidi, maana beberu mmoja mwenye afya huhudumia majike 30 na kuendelea. Mfano mwema uko Meru, nchini Kenya. Kuanzia mwaka 1996 wafugaji wadogo wa huko, wakisaidiwa na shirika la FARM-Africa, waliwapandisha majike wa kienyeji kwa mabeberu wa Toggenburg. Vikundi vilimtunza beberu kwa pamoja, na beberu alihamishiwa kikundi kingine ili asiwapande mabinti zake mwenyewe, jambo ambalo huharibu kizazi. Bila shaka utaratibu kama huo wafaa Nakivale na vijiji vya jirani. Lakini beberu wa watu wengi hawezi kuhama nyumba hadi nyumba mahali ambapo njia haina amani na jirani hamwamini jirani.

Basi wajibu wa askari ni upi? Kwanza, taarifa ya mbuzi aliyeibwa isichekwe kituoni. Iandikwe, na nyayo zifuatwe mapema, awe mlalamikaji ni mwananchi au mkimbizi. Pili, askari ajue kwamba jike humtaka dume kwa siku moja au mbili tu, kisha hungoja siku 21 nyingine. Mama anayemwongoza jike mmoja kwa jirani asizuiwe kizuizini mpaka atoe chochote. Tatu, ikitangazwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, kama ilivyokwisha kutangazwa mara kadhaa Isingiro na wilaya nyingine za wafugaji, isimamiwe bila upendeleo. Mbuzi naye huambukizwa, na mara nyingi dalili zake ni hafifu. Haifai mama wa mbuzi mmoja arudishwe nyumbani, na lori la tajiri lisilo na kibali cha daktari wa mifugo lipite usiku.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Nchi hii ya Ankole inakumbuka Oktoba 1982, familia nyingi zenye asili ya Rwanda zilipofukuzwa vijijini mwao. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaporwa, na maelfu wakakimbilia Nakivale na Oruchinga, au wakavuka mpaka. Miongoni mwa waliofanya hayo walikuwamo watu waliokula kiapo cha kulinda raia. Chuki iliyopandwa siku zile haikwisha kwa mifugo kuliwa. Raia akishaona mali yake ikichukuliwa na mwenye sare, itachukua miaka mingi kabla hajaikimbilia sare hiyo tena siku ya hatari.

Tena askari naye ana kwao. Ana mke, mama au dada aliyebaki kijijini, na huenda naye ana banda la mbuzi nyuma ya nyumba. Usiku wa leo banda hilo linalindwa na askari mwingine asiyeijua familia hiyo. Vile atakavyo mwenzake amtendee mama yake, naye amtendee mama wa Nakivale.

Kwa hiyo twawahimiza wakuu wa vikosi na vituo walitie jambo hili katika maelekezo ya doria, na twawaomba wafugaji wajiunge katika vikundi na kuwatia mifugo wao alama za masikioni, ili askari apate ushahidi wa kushika. Mbegu njema imepatikana kwa jasho. Inataka ulinzi, na ulinzi huo ndio kazi tuliyowakabidhi.