Kibanja Kinapogeuka Kiwanja



Mji hauingii kijijini kwa kupiga hodi. Huanza na duka moja kando ya barabara, kisha gereji, kisha vyumba viwili vya kupangisha. Na wenyeji watakapotanabahi, mpima ardhi amekwisha simama katikati ya migomba na vigingi vyake. Wale wenye wazee wao Bukoba na Muleba, hata kama wenyewe wanafanya kazi Mwanza au Dar es Salaam, wanalijua jambo hili. Juma hili na tulizungumze kama watu wa nyumba moja, maana ni jambo la nyumbani kabla halijawa la ofisini.

Bukoba si mji wa jana. Ulianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani. Lakini ukubwa wake ni wa juzi. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 81,221 katika Manispaa ya Bukoba. Ile ya mwaka 2012 ikahesabu 128,796. Katika miaka hiyohiyo 10 Wilaya ya Muleba iliongezeka kutoka watu 386,328 hadi 540,310. Watu hao wote wanahitaji mahali pa kulala, maji ya kunywa, shule na choo. Na ardhi, kama tujuavyo, haizai.

Mhaya hakuiona ardhi yake kuwa bidhaa tu. Kibanja ni migomba inayolisha nyumba, mibuni inayolipa ada ya shule, na makaburi ya waliotangulia. Ndiyo maana kuuza kibanja cha ukoo kulihesabiwa kuwa aibu. Leo herufi moja tu inabadilika, kibanja kikawa kiwanja, na pamoja na herufi hiyo hubadilika mambo mengi ambayo haifai familia iyajue baada ya kuweka sahihi.

La kwanza ni nani mwenye kauli. Kijijini, ardhi husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, nayo haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Katika mkutano huo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana sauti, na sheria inataka uitishwe kila miezi mitatu. Eneo likishatangazwa kuwa mji, vijiji huondoka, na mahali pake huja mitaa, au vitongoji ikiwa ni mamlaka ya mji mdogo. Mgawanyo wa ardhi huhamia kwa wataalamu na kwa Kamishna wa Ardhi. Mkutano wa mtaa waweza kushauri na kulalamika, lakini hauna tena neno la mwisho.

Sisemi kwamba mji ni balaa. Mji huleta ramani, barabara zilizonyooka, hati inayokubalika benki na zahanati iliyo karibu. Tena historia yetu inaonyesha hasara ya mji usiokuwa na chombo chake. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na zile za miji hazikukawia kufuata. Usafi, mitaro na barabara za miji vikazorota, hata ikabidi halmashauri za miji zirudishwe kwa sheria ya mwaka 1978. Sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Funzo ni kwamba mji usio na wenyewe huoza. Lakini hata wenye wenyewe huoza, ikiwa wenyewe hawaulizi.

Bukoba imeonja hilo. Kati ya mwaka 2012 na 2014 Baraza la Madiwani la Manispaa liligawanyika kwa mabishano juu ya miradi, ukiwamo wa kujenga upya soko kuu na ule wa viwanja, hata Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaletwa kukagua. Wakati wakubwa wakibishana, mama muuza ndizi sokoni alibaki na swali dogo: nikiondoka hapa nitarudi, na kwa kodi gani? Swali la namna hiyo lilistahili kujibiwa siku ya kwanza, mbele ya watu, kwa maandishi.

La pili ni fidia. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, fidia si ya nyumba peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi yenyewe na vilivyomo, posho ya usumbufu na gharama za kuhama. Hata makaburi yana sheria yake, ya mwaka 1969. Kwa hiyo, mthamini akija, mwenye kibanja awepo, ahesabu migomba yake pamoja naye, wala asitie sahihi karatasi asiyoielewa.

La tatu liko ndani ya nyumba. Nyumba nyingi zimeingia ugomvi si kwa sababu ya halmashauri, bali kwa sababu ndugu wawili walikwisha uza, na dada yao akaambiwa hana neno. Hili lilikwisha amuliwa. Mwaka 1990, katika kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitamka kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Ukoo unaoketi kugawana vipande vya viwanja bila kuwaita mabinti unajiandalia safari za mahakamani.

La nne ni mahali tunapojenga. Viwanja vikipanda bei, maskini hushuka mabondeni. Mto Kanoni unapita katikati ya Bukoba, na mvua zikizidi hufurika hadi ndani ya nyumba za watu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilituonyesha, kwa vifo na maelfu ya nyumba zilizobomoka, jinsi ukuta uliojengwa kwa haraka unavyoanguka. Anayemuuzia mwenziwe kiwanja bondeni amemuuzia msiba. Na ofisi inayotazama msingi ukichimbwa, ikaja na tingatinga nyumba ikishaezekwa, nayo haijatenda haki.

Basi tufanye nini? Mji wa Muleba, ulio kando ya barabara iendayo Biharamulo, bado una nafasi ya kupangwa kabla ya kubomolewa. Wewe uliye mbali, ukienda likizo usiishie kwenye senene na soga. Waketishe wazee, kaka na dada. Andikeni mipaka ya kibanja, orodha ya warithi, na sehemu ambayo haitauzwa kamwe, walau penye makaburi. Wewe uliye huko, usikose mkutano. Taka mapato na matumizi yabandikwe ubaoni. Uliza ramani ya mji inapita wapi, na nani ameiona. Mwenyekiti wa kitongoji au mtaa huchaguliwa kila miaka mitano. Usimchague kwa chupa moja ya rubisi, ukamlilia miaka mitano.

Mji utakuja, ndugu msomaji. Tuutake utukute tumeketi pamoja, karatasi zetu mkononi.